Bweni, kitengo, darasa la kawaida, au nyumbani na kwa fundi: mtoto mwenye ulemavu wa akili asome wapi hapa Lamu?

Mtoto mwenye ulemavu wa akili akikaribia umri wa kuingia shule, mzazi wake hapa Lamu hupewa ushauri wa namna nne, na mara nyingi huusikia wote kabla ya wiki kwisha. Mhudumu wa hospitali humwambia ampeleke shule maalum ya bweni, huko bara, kwenye walimu waliosomea kazi hiyo. Mwalimu mkuu wa mtaani humwelekeza kwenye kitengo maalum kilichomo ndani ya shule fulani ya msingi. Ndugu mwenye elimu husema mtoto ana haki ya kuketi darasa moja na watoto wa jirani zake. Bibi ya mtoto, ambaye ndiye anayemwosha na kumlisha kila siku, husema aachwe nyumbani afundishwe kazi ya mikono. Wote wanne wanamtakia mtoto kheri, na kila mmoja ana sehemu ya ukweli.

Nimefundisha katika kitengo maalum kwa miaka kumi na mmoja, na mpwa wangu, kijana wa miaka 16 mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayoambatana na ulemavu wa akili, amepita njia mbili kati ya hizo. Nataja hayo ili msomaji ajue ninaposimama. Njia ninayoifanyia kazi naifahamu zaidi, pamoja na aibu zake.

Maswali ya kupimia

Kabla ya kuzilinganisha njia zenyewe, mzazi aandike maswali sita na ayaulize yale yale kila mahali anapokwenda. La kwanza ni la stadi za kila siku: je, hapa mtoto atajifunza kuvaa, kula, kujisafisha chooni, kununua kitu dukani, na kutoka nyumbani akarudi bila kushikwa mkono? Kwa mtoto huyu stadi hizo ndizo somo lenyewe. Mtaala wa sasa wa Kenya umelikubali jambo hilo kwa kuweka mkondo unaofuata hatua badala ya umri, ambao unaanzia ngazi ya mwanzo na kupanda hadi maandalizi ya ufundi na ufundi wenyewe.

La pili ni la kujiamini. Kusifiwa peke yake hakumjengi mtoto. Hujengeka anapokuwa na kazi ambayo siku asipoifanya, watu watauliza kwa nini haijafanywa, na anapokuwa na watu walio radhi kumngoja amalize. La tatu ni nani atakayemfundisha, na mtu huyo ana wangapi wengine mikononi mwake. La nne ni gharama na safari, jambo ambalo kwa watu wa visiwani si dogo. La tano ni usalama na afya. La sita ndilo linalosahauliwa zaidi: atakuwa wapi akishapita miaka 18?

Jambo moja hutangulia yote hayo, nalo ni tathmini. Vituo vya tathmini ya elimu vilianza Kenya mwaka 1984, na hospitali ya serikali inaweza kupima masikio na macho au kukuelekeza panapopimwa. Usiruke hatua hii. Nimepokea msichana aliyeitwa mzito wa akili kwa miaka mitatu, kumbe sikio moja halikusikia kabisa na la pili lilisikia kwa shida. Mtoto mwenye sindromu ya Down achunguzwe moyo pia, kwa kuwa karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, na achunguzwe tezi ya shingo, kwani tezi ikilegea mtoto huwa mzembe na mchovu, na watu hudhani ndivyo alivyo.

Tathmini husaidia pia kuondoa maneno ya majini na kurogwa. Ulemavu wa akili hutokana na mambo yanayojulikana, kama vile mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, mabadiliko ya kromosomu, yaani nyuzi za urithi mwilini, na malaria kali inayopanda kichwani. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, walioko Kilifi katika pwani hii yetu, wamefanya kazi ya miaka mingi kuonyesha jinsi malaria hiyo inavyowaachia baadhi ya watoto ugumu wa kujifunza. Na ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha, kwa hiyo "taahira" na "zuzu" yasitamkwe hata nyumbani, ambako ndiko mtoto huyasikia kwanza.

Shule maalum ya bweni

Kwa upande wa stadi, bweni lina nguvu moja kubwa, nayo ni kwamba siku nzima ni darasa. Mtoto hutandika kitanda kwa saa ile ile, huosha sahani yake kwa namna ile ile, na huyarudia hayo mara mia kabla ya likizo. Baadhi ya walimu wamepitia Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, iliyoanzishwa 1986. Udhaifu wake hujitokeza likizo, kwa sababu watoto hawa hupata shida kuhamisha walichojifunza mahali pamoja wakakitumia pengine. Aliyezoea bomba na ndoo anaweza kusimama mbele ya birika la kuogea na kata kama mtu asiyewahi kuoga.

Kujiamini kwake hupanda akiwa huko, kwani hakuna anayemcheka, na michezo ipo, mingine chini ya Special Olympics, harakati ya michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iliyoanza Marekani mwaka 1968. Lakini mtaani kwao huwa mgeni. Watoto wa rika lake wamecheza pamoja muda wote huo, naye hana jina la utani wala mwenzake wa kukaa naye barazani.

Gharama si karo pekee. Mihula ni mitatu, na kila muhula una safari ya kwenda na ya kurudi, boti hadi Mokowe kisha basi la saa nyingi kuelekea Malindi au Mombasa, nauli ya mtoto na ya mtu mzima anayemsindikiza. Mzazi wa Kiunga au Faza huongeza safari nyingine ya baharini juu ya hiyo.

Kuhusu usalama nasema wazi: mtoto asiyeweza kusimulia yaliyompata usiku yumo hatarini zaidi kuliko wenzake. Uliza nani analala karibu na watoto, ni wangapi kwa kila mlezi, na choo kiko umbali gani na bweni. Nenda siku ambayo hukutangaza. Kabla hajaondoka, mfundishe majina ya viungo vyake vyote, mfundishe kusema "sitaki" kwa sauti, na ajue ni nani tu anayeruhusiwa kumsaidia kuoga. Namba 116 ya simu ya watoto ni ya bure, nawe uwe nayo pia.

Akishapita 18, baadhi ya shule zina karakana na humwendeleza, ilhali nyingine humrudisha na begi lake. Swali hilo liulizwe siku ya kwanza. Njia hii huwafaa zaidi watoto wanaohitaji uangalizi wa karibu mchana kutwa, ambao nyumbani hakuna mtu mzima wa kuutoa, na ambao familia inaweza kuwatembelea mara kwa mara.

Kitengo maalum katika shule ya msingi

Hapa mtoto ana darasa lake na mwalimu wake, lakini kengele, uwanja na lango ni moja na wengine, na jioni hulala kwao. Stadi hufundishwa mahali zitakapotumika. Kila Jumatano huwapeleka wanafunzi wangu sokoni, kando ya Ngome, kila mmoja na sarafu ya shilingi 20. Mmoja wao mwaka juzi aliishika sarafu kwa nguvu hata akifungua kiganja alama yake ya duara inaonekana. Muuza ndizi alikuwa akimwuliza, "Wataka nini, baba?" kisha akingoja, nami nikinyamaza, jambo ambalo ni gumu kuliko kusema. Februari alinyosha kidole. Machi alinyosha kidole na kuweka sarafu juu ya meza. Julai akasema "ndizi", akaweka sarafu, akapokea, akageuka kunitazama kama mtu aliyeshusha mzigo. Sasa hutumwa dukani na mama yake. Mji wa kale hauna magari, na hiyo ni neema kubwa kwa mtoto anayejifunza kwenda peke yake, mradi afundishwe kubana ukutani punda apitapo na asikaribie ukingo wa gati.

Kujiamini hutegemea shule yenyewe. Watoto wa kitengo wakicheza mapumziko na wenzao, wakisimama nao gwarideni, wakapewa zamu ya kupiga kengele, hukua haraka. Wakiwekwa chumba cha mwisho karibu na vyoo, jina "kitengo" lenyewe hugeuka tusi. Nimeyaona yote mawili. Upande wa mwalimu, tatizo ni kwamba mmoja huwa na watoto wa miaka saba hadi kumi na saba, na walimu wakipungua shuleni, wa kitengo ndiye huazimwa kwanza kujaza pengo la darasa jingine. Mzazi aulize waziwazi ni siku ngapi kwa wiki mwalimu huyo yuko na watoto wake.

Gharama ni ndogo, sare na chakula cha saa nne, ila kwa anayeishi umbali wa kutembea tu. Usalama ni bora kwa kuwa unamwona mtoto kila jioni na utaijua hali yake. Baada ya 18 kitengo hakina jibu lake lenyewe, isipokuwa mwalimu amesuka uhusiano na mafundi wa mji au na chuo cha ufundi cha kaunti. Humfaa mtoto anayeishi karibu, ambaye bado anahitaji kufundishwa hatua kwa hatua, na ambaye nyumbani kuna mtu wa kuendeleza kilichofundishwa.

Darasa la kawaida

Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na sera ya elimu ya 2018 inaelekeza shule kuwapokea watoto hawa pamoja na wenzao. Faida kubwa ya njia hii ni lugha. Mtoto huchota maneno zaidi kwa watoto kuliko anavyoyachota kwa mtu mzima, na huiga yote, namna ya kusubiri zamu, ya kuomba, hata ya kubishana.

Stadi za kujitunza hazifundishwi hapo, kwani wenzake waliingia shule wanazijua. Hilo libaki kuwa kazi ya nyumbani. Mwalimu ana darasa lililojaa, na bila msaada atamtuliza mtoto badala ya kumfundisha. Mpwa wangu alikaa mwaka mzima katika shule moja, kiti cha nyuma, akipaka rangi ukurasa ule ule wa samaki. Hakupigwa wala hakutukanwa, ila hakuna aliyemtarajia. Alirudi nyumbani akiwa ameacha hata kujaribu kufunga vifungo vya shati, jambo alilokuwa akiliweza kabla ya kuingia.

Lakini nimeona pia msichana wa darasa la tatu aliyeketi mbele pamoja na binamu yake, mwalimu akimpa hesabu tatu pale wengine wanapopewa kumi, na zikiwa tatu za kweli, za kusahihishwa. Tofauti ya watoto hao wawili ilikuwa mpango ulioandikwa kwa ajili ya mtoto mmoja, wenye malengo machache ya muhula, ambao mzazi na mwalimu wameukubali pamoja. Shule isiyokuwa tayari kuandika ukurasa mmoja kama huo haijawa tayari kumpokea. Gharama na usalama ni kama vya kitengo, pamoja na hatari ya kudhihakiwa. Baadaye huenda asiwe na cheti kikubwa, ila mji mzima utakuwa unamjua. Humfaa mtoto mwenye ulemavu wa kiwango kidogo, anayejihudumia chooni, na anayefuata maagizo ya maneno mawili matatu.

Nyumbani na kwa fundi

Tukianza na tahadhari, elimu ya msingi ni ya lazima kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kwa hiyo kwa mtoto wa umri wa shule njia hii iende sambamba na mojawapo ya zile tatu, isipokuwa ulemavu ni mkubwa kiasi kwamba hawezi kabisa kutoka. "Nyumbani" isiwe neno la adabu la kumficha. Mtoto ambaye mgeni akibisha hodi huingizwa chumba cha ndani hafundishwi chochote isipokuwa kwamba yeye ni wa kufichwa.

Ikifanywa vizuri, hata hivyo, hakuna mahali pengine panapofundisha stadi kwa undani huu. Chukua mfano wa udhu. Una mpangilio usiobadilika, hurudiwa mara tano kwa siku, na watu wote wa nyumba huufanya mbele ya macho yake. Mpwa wangu tulimfundisha kwa kuanzia mwisho. Dada yangu alimshika mikono katika hatua zote, viganja, mdomo, pua, uso, mikono hadi viwikoni, kupaka maji kichwani na masikioni, kisha akamwachia miguu aioshe mwenyewe. Hivyo kila mara alimaliza kwa kufaulu. Alipoizoea miguu, akaachiwa na masikio, halafu kichwa, tukirudi nyuma hatua moja moja, na ikachukua karibu miezi tisa. Alipoanza kwenda msikitini na mjomba wake na kujimwagia maji kwa kata bila kuambiwa, alikuwa akitembea kifua mbele. Utaratibu huo wa kuanzia mwisho hufaa kwa shati, kwa viatu, kwa kutia chai kikombeni, na kwa watu wa dini zote. Mzazi wa Mpeketoni anaweza kuutumia kwa kulisha kuku na kukusanya mayai.

Akifika miaka 14 au 15, fundi huingia. Kijijini Matondoni bado wanaunda vyombo vya baharini, na katika kutia kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, kuna kazi ya kusokota pamba na kuilowesha mafuta kabla haijagongwa katikati ya mbao. Mpwa wangu huisokota jioni na siku za mapumziko. Haichoki mikono yake, kwa kuwa kinachowachosha wengine, kurudia, yeye hukipenda. Fundi humwita, "Nipe pamba, mwanangu," na kazi ya fundi husimama mpaka pamba ifike. Jibu la swali la pili liko hapo. Kwa wasichana na wavulana vilevile kuna kusuka ukili wa miyaa, kukanda mahamri na kuyahesabu matano matano, kushona kofia kwa mwenye macho mazuri na subira.

Anayefundisha hakusomea, lakini ana mwanafunzi mmoja tu. Gharama ni muda, na huo ni wa mama, au wa bibi ambaye miaka inamwacha. Kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa iulizie Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya kwa fedha, ambao hulipa Sh2,000 kwa mwezi. Hatari yake ni mtoto kutumikishwa bila malipo kwa kisingizio cha kujifunza, kwa hiyo mkubaliane na fundi tangu mwanzo saa zake na posho yake, mbele ya mtu wa tatu. Kwa maisha baada ya 18, njia hii ndiyo iliyo na jibu la karibu zaidi. Huwafaa vijana waliokwisha kujua kujitunza, wenye familia iliyozungukwa na kazi za mikono.

Kwa hali yako

Kama mtoto ana miaka mitano hadi minane na bado hajui choo wala kuvaa, na kitengo kiko umbali wa kutembea, anzia hapo, huku nyumbani mkifundisha stadi moja tu kwa muhula. Kama hakipo karibu na shule ya mtaani ina mwalimu mwenye moyo, kubali darasa la kawaida kwa sharti la ule ukurasa mmoja ulioandikwa, na uuangalie kila mwisho wa muhula. Usipoona jambo jipya hata moja baada ya mihula miwili, badilisha, maana mwaka wa mtoto ni mrefu.

Kama ana kifafa kisichotulia pamoja na ulemavu wa akili, dawa kwanza, na asiende bweni mpaka ujue kwa jina nani atakayempa dawa usiku na kuzihesabu. Kama mlezi pekee ni bibi aliyechoka au mama anayetoka alfajiri kurudi usiku, bweni zuri ni bora kuliko mtoto kufungiwa, na asionewe haya mzazi anayelichagua. Apige simu, aende, na likizo ikifika amrudishe sokoni na msikitini au kanisani, stadi zile zihamie kwao.

Kama ni kijana wa 14 na kuendelea ambaye shule imemfikisha mwisho wake, mpunguzie darasa umwongezee fundi taratibu, siku moja kwa wiki, kisha mbili. Kama yuko kisiwani mbali, Ndau au Kizingitini, na nauli ya kila siku haiwezekani, anza na nyumbani na shule ya hapo hapo, na safari moja ya tathmini kila mwaka iwekewe akiba mapema.

Na aliyekwisha kupita 18 akiwa hajawahi kusoma popote, msimhesabu kuwa amechelewa. Mwandikisheni kwa Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, mtafuteni fundi au mama wa mahamri aliye tayari kungoja, na kesho asubuhi mwachieni hatua moja ya mwisho ya kazi mnayomfanyia kila siku.